Ikiinama Kushoto

Dakta Mshangama hung'oa meno Upanga siku tano,
ya sita huruka.
Amekuja hanga na lalamiko la wagonjwa wake mwenyewe:
linauma, kisha haliumi.
Redio, anasema, inakata
ndege ikiinama kushoto juu ya Kigamboni.
Kulia haina neno.
Chini, mbele ya fundi, haina neno kabisa.

Naujua ugonjwa huu wenye adabu mbele ya wageni.
Nikiiwasha hapa Kipawa
mnara unaitika safi, hata kijiko
cha mtu anayekoroga chai kule juu nakisikia.

Siku ya kwanza nilishuku antena.
Nikaifungua, nikaipangusa chumvi shinani
(hewa ya mji huu inatosha kuunga mchuzi),
nikaifunga. Akaruka. Ikakata.
Siku ya pili betri: volti kumi na mbili na ushei,
sindano ya mita imetulia kama mtoto aliyeshiba uji.
Jioni yake, alteneta. Fyuzi moja moja, kama kuchambua mchele.
Siku ya tatu nikaazima redio ya ndege ya jirani,
ile inayopulizia mikorosho dawa,
nikaipachika. Ikakata nayo.
Nikafurahi, furaha ya kipuuzi ya fundi
aliyekwisha kujua jambo moja tu: si hilo.

Bati la paa lilikuwa linalia kwa jua.
Nimekaa juu ya debe, visikizi masikioni,
nasikiliza mnara ukimpa mtu wa Mafia njia ya kutua,
na Chogero, kijana wa mafunzo, amejipachika kiti cha rubani,
mdomo wake ndio injini, vuuuu,
mate yanaruka, usukani anauzungusha kushoto
anakwepa mlima ambao Dar hatuna.

Kimya.
Kisha krrr.
Kisha kimya.

"Rudisha," nikasema. Akadhani namgombeza, akashuka.
"Panda! Zungusha tena!"
Akazungusha, safari hii bila injini, ameogopa.
Kimya.

Nikaingia chini ya dashibodi chali,
miguu nje ya mlango, tochi nimeing'ata.
Nyuma ya geji zote zile zinazong'aa
mna giza na vumbi na maiti ya nyigu,
na mnyororo wa usukani, na waya ulioulalia,
umechubuka mpaka shaba inachungulia.
Kila alipokata kona, mnyororo uliutafuna.
Leo umekula sauti.
Ungenasa, ungekula kona yenyewe.

Waya haukupaswa kuwa pale. Mtu aliufunga
kwa kifungo cha plastiki mahali pa klipu ya chuma,
plastiki ikakaushwa na joto, ikakatika.
Ncha yake imekatwa mshazari, kwa wembe.
Hanga hili lote, anayekata mshazari ni mmoja.
Wahenga wana neno lao juu ya kikulacho.
Sikutaka kulisikia.

Nikafungua kitabu cha ndege, nikarudi nyuma miaka mitatu:
Ijumaa ya Ramadhani, saa kumi na moja na nusu jioni,
futari inaningoja Karakata.
"Nyaya zimefungwa upya. Sawa." M. Chambuso.
Hiyo Sawa nimeiandika kwa mkia mrefu, wa mtu anayekimbia.

Dakta akapiga simu. "Jino gani?" akauliza.
"La nyuma," nikamwambia. "Njoo ulione kwa macho yako."

Nikafunga klipu ya chuma. Nikamwita Chogero azungushe
kushoto, kulia, mara hamsini, ahesabu kwa sauti.
Kisha nikakaa na kalamu.
Waya umechubuliwa na mnyororo wa usukani.
Chanzo: kifungo kisichofaa.
Aliyefunga:
Hapo kalamu ikakata wino.

Chogero alikuwa ananitazama.
Nikaitikisa, nikaichora kiganjani
mpaka mstari wa buluu ukatoka,
nikaendelea.